Hatshepsut alikuwa mfalme, si malkia tu

Kila anapotajwa Hatshepsut, watu humwita malkia, nami siku zote hutamani kuongeza neno. Malkia alikuwa zamani, alipoolewa na ndugu yake wa baba, Thutmose wa Pili. Lakini takribani mwaka 1473 KK alitawazwa kuwa mfalme kamili wa Misri, akajiita Maatkare, na katika sanamu zake nyingi akachongwa akiwa na ndevu za bandia kama wafalme waliomtangulia.

Mumewe alifariki akimwacha mrithi, Thutmose wa Tatu, aliyezaliwa na mke mwingine na ambaye bado alikuwa mtoto mdogo. Hatshepsut alianza kwa kumsimamia, kisha akapanda kiti cha enzi mwenyewe. Wengi humwita mnyang'anyi, jambo ambalo sikubaliani nalo, kwa kuwa kijana huyo hakuuawa wala kuvuliwa ufalme, na miaka iliendelea kuhesabiwa kwa utawala wake.

Ninachokipenda zaidi ni safari ya Punt, nchi iliyofikiwa kwa kupitia Bahari ya Shamu. Katika mwaka wa 9 wa utawala alituma merikebu tano, na kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari, lililojengwa chini ya majabali ya magharibi mwa Thebes, tunaona hadi leo mabaharia wakipakia miti ya manemane ikiwa hai, mizizi imefungwa ndani ya vikapu, ili ikapandwe Misri. Mtawala aliyetaka miti yenyewe, si utomvu wake peke yake, alikuwa akifikiria mbali.

Huko Karnak, eneo la mahekalu la Thebes, alisimamisha minara ya mawe ya graniti kutoka Aswan. Mmoja, wenye urefu wa karibu mita 30, ungali umesimama, na maandishi yake yanasema kwamba kazi ya kuichonga ilichukua miezi 7.

Alifariki mwaka 1458 KK hivi. Miaka kama 20 baadaye, Thutmose wa Tatu akiwa mzee, jina na sura ya Hatshepsut vilianza kufutwa kwa patasi. Kwangu hiyo si hasira, maana mwenye hasira hangoji miaka 20. Naona zaidi hesabu za urithi, kwamba orodha ya wafalme itoke kwa baba hadi mwana bila mwanamke katikati.

Kilichomfichua ni sarufi. Mwaka 1829 Champollion, msomi Mfaransa aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale, alishangaa kumwona Deir el-Bahari mfalme mwenye ndevu ambaye maneno yanayomhusu yalikuwa na viambishi vya kike. Kiswahili, ambacho husema "yeye" na "alitawala" kwa wote, kisingeacha alama hiyo. Kimisri cha kale kiliiacha, na waliofuta majina hawakuweza kufuta kila kiambishi.