Legeza Shingo

Jumapili. Nimerudi sasa hivi, nywele bado zinanuka chumvi.

Nimezaliwa Likoni, na huu ni mwaka wa 26 navuka feri asubuhi kwenda kazini kisiwani Mombasa na kurudi jioni. Nina miaka 48. Kuogelea sijui. Watu wa bara nikiwaambia hucheka, wakidhani sisi wa Pwani huzaliwa na mapezi.

Sababu ninayo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka pale Mtongwe, wakafa watu zaidi ya 270. Nilikuwa na miaka 17. Tangu siku ile mamangu, Mungu amrehemu, hakutaka kusikia habari ya ufuoni. Hata kwenda kuokota makombe tulikatazwa. Lakini nikisema kweli, nilipofika miaka 30 kilichonizuia hakikuwa mama tena. Yalikuwa macho ya watu. Mwanamke mzima, mwili wote huu, nguo zimeroa zimeniganda, na vijana wamekaa ukutani wanatazama? Ah, afadhali nisijue.

Macho hayo hayo yalinikosesha na mengine. Mwaka 2012 ofisini kwetu, kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini, niliambiwa nishike idara ya nyaraka. Nikasema siwezi. Nilijiambia Kiingereza changu kitaniaibisha mbele ya mawakala wa meli. Akapewa kijana niliyemfundisha mwenyewe kujaza fomu za forodha, nami nikaweka kinyongo miaka mitano. Kisha 2017 ikaja reli mpya, makontena yakaanza kupandishwa treni kwenda Nairobi, kazi ikapungua, na kati ya wa kwanza kuachishwa alikuwa yeye. Mimi karani wa mshahara mdogo nikabaki. Sikufurahi. (Haya, nilifurahi siku mbili.) Juzi nilimkuta Marikiti anauza viungo. Akanipunguzia bei ya iliki, tukaulizana hali za watoto. Ile idara hakuna aliyeitaja.

Siku hizi risiti naisoma kwa kunyoosha mkono, na mkono wenyewe hautoshi. Labda ndiyo maana sijali tena macho ya watu: siyaoni.

Lakini shaka ipo. Zamani ilikuwa ikiniuliza, watasemaje? Sasa hunijia saa nane za usiku, joto la umri limenipanda, feni inazungusha hewa ile ile, inaniuliza: katika yote uliyoyahangaikia, lipi ulilitaka wewe? Ada za watoto najua nilizitaka, na kila shilingi naikumbuka bila uchungu. Lakini zile sahani za chama, seti nzima kabatini, hazijawahi kuliwa wali! Na leso za sare za harusi, nyingine za watu ambao hata sikumbuki walioana na nani. Nililipa zote kwa wakati, nisije nikasemwa.

Basi leo alfajiri nimeziinjika mbaazi, moto nikaupunguza, nikatoka na bintiyangu kwenda ufuo wa Shelly. Yeye alijifunzia kuogelea shuleni, bila mimi kujua. Siku kaichagua mwenyewe, ya maji mafu, bahari isipojaa wala kukupwa sana, maana bamvua la mwezi mpevu, maji yanapojaa na kukupwa kwa nguvu, anasema, halina subira na wanafunzi. Nilivaa dera na suruali. Kulikuwa na wavuvi wawili na mbwa mmoja.

Akanilaza chali, mkono wake mgongoni kwangu kama nilivyokuwa nikimshika yeye kwenye beseni.

"Mama, legeza shingo."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza, Mama. Unatazama nani?"

Kweli, nilikuwa nimeinua kichwa natafuta kama kuna mtu. Nikakiachia. Masikio yakaingia majini, dunia yote ikanyamaza, juu yangu mbingu tupu ya Likoni. Mkono akautoa, sikujua ni saa ngapi. Nikahesabu mpaka 11.

Kisha nikakumbuka mbaazi, nikazama.