Siku Tano Ng'ambo ya Mto

Nilipanga kulala kwa shangazi usiku mmoja tu. Ranchi yake ni ndogo, ng'ombe 12 na mbuzi wasiofika 30, na kuifikia lazima uvuke mto ambao kiangazi huwa mchanga mtupu. Niliuvuka alasiri, viatu mkononi, maji yakiishia kwenye vifundo vya miguu. Pembeni mwa kivuko palisimama nguzo ya chuma yenye mistari mitatu ya rangi: mweupe chini, mwekundu katikati, mweusi juu. Niliipita bila kuitazama mara mbili.

Usiku mvua ikanyesha mpaka bati likawa halisikilizani na mtu. Alfajiri nilisikia ngurumo nikadhani ni lori limekwama mahali. Ulikuwa mto. Mistari yote mitatu ilikuwa imezama.

"Basi umekuwa wetu, mwanangu," shangazi akasema, akarudi kwenye ndoo yake kuendelea kukamua.

Maziwa yalipochujwa alinipeleka kwenye tangi. Lina lita 10,000, na limekaa kwenye banda la juu, mwinukoni, ili maji yateremke nyumbani yenyewe bila pampu. Kila milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji, na paa la banda lile lina mita za mraba 100. Bomba linaloshuka kutoka kwenye mfereji wa paa lina tawi refu lililozibwa chini kwa kifuniko. Maji ya kwanza, yenye vumbi na vinyesi vya ndege, hujaa humo. Yanayofuata, yaliyo safi, ndiyo yanayopita kwenda tangini. Shangazi alifungua kifuniko mbele yangu. Yalitoka maji ya rangi ya chai, na majani yaliyooza, na panzi mmoja mfu.

"Tangi likijaa, litatutosha siku ngapi?" akaniuliza.

Nikapiga hesabu: watu wanne, lita 20 kila mmoja kwa siku. Miezi minne. Akanyoosha kidole zizini. Ng'ombe mmoja hunywa lita 40 hadi 50 kwa siku, na anayekamuliwa huzidi hapo. Waongeze wale 12 na mbuzi, tangi lile lile linakauka ndani ya wiki mbili hivi. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu kujiandaa kwa majanga, tochi na visu na vyakula vya makopo, na sikumbuki mahali palipoanza na ng'ombe. Mifugo wa shangazi hawanywi kabisa kwenye tangi. Wana lambo lao, lililozungushiwa uzio ili wasiingie kuchafua maji na kubomoa kingo. Bomba huyashusha hadi kwenye birika la kunyweshea lililo chini yake. Maji ya tangi nayo, ya kunywa huchemshwa mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja nzima.

Siku ya pili binamu yangu alikatwa na bati lililong'olewa na upepo, kiganja kikafunguka kutoka chini ya kidole gumba. Kituo cha afya kiko ng'ambo ya mto. Shangazi alivaa glavu, akakunja kitambaa safi, akakandamiza jeraha na kuuinua mkono juu, kisha akaniambia nitazame saa. Dakika 10, bila kufunua kuchungulia. Nilitaka sana kuchungulia. Damu iliposimama aliosha kidonda kwa maji mengi yaliyochemshwa yakapoa, akafunga bandeji, ndipo akachukua daftari lililoning'inia msumarini. Ukurasa mmoja una chanjo za ng'ombe, ukurasa unaofuata chanjo za watu. Pepopunda: binamu alichanjwa mwaka uliopita. Hapo tu ndipo nilipomwona shangazi akikaa chini.

Mambo mengine hayakuwa sawa. Jenereta lilikataa kuwaka kwa sababu petroli ilikaa kwenye dumu miezi mingi ikachacha. Shangazi alikasirika waziwazi, maana kazi ya kuibadilisha ilikuwa yake. Simu tulichaji kwenye paneli ndogo ya sola, mawingu yakipisha.

Siku ya nne, jua liliporudi, nilimsaidia ghalani. Kabla ya kufunga mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, aliweka punje kwenye chupa kavu ya kioo, theluthi moja, akatia vijiko vitatu vya chumvi kavu, akanipa nitikise dakika moja. Tukaiacha robo saa. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo kama ukungu wa asubuhi, maana yake unyevu wa punje umezidi asilimia 15. Ukizihifadhi hivyo zinaota kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Tukayaanika yote upya juu ya turubai, tukigeuza kwa reki mpaka jioni. Kesho yake chumvi ilishuka chini ya chupa, kioo kikabaki safi.

Mchana huo mstari mweusi ulionekana, kisha mwekundu. Nikafunga begi. Shangazi akakataa.

"Mpaka mweupe."

Maji yalikuwa chini ya goti, nami nilikuwa na hamu ya kwenda nyumbani. Lakini maji yanayokimbia, hata yasipofika gotini, humwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 hubeba magari mengi. Mistari ile aliichora mwenyewe, kwa kupima. Nikangoja. Mweupe ulitokea jua likikaribia kuzama.

Kivukoni alinipa karatasi. Nilidhani ni barua. Ilikuwa orodha ya vilivyotumika katika zile siku tano: bandeji mbili, glavu jozi moja, betri nne za tochi, na chini kabisa, kwa mstari mzito, petroli mpya, pamoja na tarehe ya kuibadilisha tena. Niliiweka mfuko wa shati nikavuka. Mzigo wote niliurudisha Jumamosi iliyofuata, na mto ulikuwa mchanga tena.