Kahama Wala Hakuaga

Barua yangu ya uhamisho wa Chake imetoka Jumatatu, wifi kajifungua mapacha Jumatano, na bado kinachoninyima usingizi ni maneno ya binti yangu Nunuu aliyonambia uani tukichambua karafuu.

Nilifungua Instagram yake nimtafutie bibi yake ile picha ya Sikukuu, ya dera la kijani. Haipo. Nikateremka chini, na nyengine hazipo. Zimebaki tatu tu: paka, bahari ya Mkoani alivyoipiga kutoka melini, na kikombe cha chai. Moyo ukanidunda.

"Nunuu, umeibiwa akaunti?"

"Sijaibiwa, mama. Nimehama."

"Umehamia wapi?"

"Kwa watu sita."

Akaendelea kutenga makonyo, vile vijiti vya karafuu, kama aliyeulizwa bei ya unga.

Mnamkumbuka alipokuwa na miaka 13. Urojo hauliwi mpaka upigwe picha. Mie nageuza chapati, yeye ananihesabia laiki mlangoni, na siku laiki zikiwa chache chakula hakimpiti. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Sasa kaacha mwenyewe, nami nimeumia. Binadamu hana shukurani.

Kwanza niliwalaumu wazee wenzangu, nami nimo. Facebook ilianza 2004 kwa wanafunzi wa chuo kikuu kimoja Marekani. 2006 mlango ukafunguliwa kwa yeyote aliyetimia miaka 13, basi na sisi tukaingia na vikapu vyetu. Na kila vijana wanapohamia, tunawafuata. Picha moja ya Nunuu inatizamwa na mwenzake wa dawatini, na mwalimu wake wa chuo cha Kurani, na shangazi yake wa Muscat anayeandika "Mashaallah, jistiri mwanangu" chini ya kila kitu, hata chini ya paka. Wa miaka 13 hilo halimshughulishi, maadamu kaonekana. Wa 17 keshajua kuwa maneno ya kumwambia shangazi siyo ya kumwambia shoga yake, na pale wote wamekaa baraza moja.

Halafu mdogo wake akanitobolea siri. Mwaka jana kuna mtu skuli aliichukua picha moja ya Nunuu, mdomo wazi, akaifanya stika ya WhatsApp, ikazunguka darasa zima. Nunuu hakunambia. Nilikuwa nampikia, namfulia, na sikujua. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini anapenda zile picha za kukaa saa 24 zikafutika.

Lakini na mie nisijifanye mgeni wa mambo haya. Darasa la sita niliandika jina langu kwa mkaa ukuta wa skuli, herufi kubwa kama mlango, nikachapwa. Kufika fomu tatu, barua zangu nazificha ndani ya khanga za marehemu mama, na nikitaka kumsema mtu, navaa khanga yenye msemo wake. Mtaa mzima unausoma. Anayejua kasemwa ni mmoja. Sasa tizameni kile kikombe cha chai. Chini yake kaandika "jamani tena" basi, na hao sita wamecheka mpaka wamelia. Nimekitolea macho siku mbili, sijapata kitu. Khanga tupu ile.

Mwisho wa mazungumzo sijakwambieni. Nilimuuliza, tena kwa sauti ya mzaha ili nisionekane, "Na mie nimo katika hao sita?"

Akanitizama. Akanipangusa vumbi la karafuu shavuni.

"Wewe si uko hapa?"

Usiku wa kwanza niliisikia kama mlango unaofungwa taratibu. Usiku wa pili nikaisikia vyengine: wa hapa uani haongezwi wala hafutwi. Jana nikaikumbuka nikiwa ndani ya daladala, nikacheka peke yangu, mzee wa pembeni akasogea kidogo. Leo asubuhi nimeanza tena kuitilia shaka. Alikuwa anacheka alipoisema, au alikuwa anataka nimalize pishi yangu nimwachie nafasi?

Ningemuuliza, lakini mvua hii. Siku ya tatu leo, majamvi yamekunjwa, karafuu tumezirundika chumbani na nikitia mkono katikati nasikia joto. Jua lisipotoka kesho zote zitaharibika ziwe mpeta, na zile ndizo ada ya mdogo wake.