Majani marefu yalivyonidanganya

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nakata majani ya tembo yakiwa yamenipita kichwa. Nilipenda kuyatazama yakiyumba na upepo, nikijiona nina malisho ya kumwaga. Maziwa yalipopungua nililaumu kupe, nikalaumu joto, nikalaumu hata mbegu ya ng'ombe.

Aliyenizindua ni mke wangu, siku moja akisafisha hori. Alichota konzi ya vipande vya mashina, vimetafunwa ncha tu vikaachwa, akanimwagia miguuni. "Baba Neema, unalisha ng'ombe au unatafuta kuni?"

Nilicheka, lakini kesho yake nilipima majani niliyotia horini, jioni nikapima yaliyobaki. Karibu theluthi ilikuwa inaishia kwenye shimo la mbolea. Nilikuwa nahesabu mzigo ninaobeba, sikuhesabu unaoliwa.

Hata hicho kilicholiwa hakikuwa na nguvu. Majani ya tembo yakikomaa, shina hurefuka na majani ya chini hukauka. Kitu kiitwacho lignini ndicho kinacholikakamaza shina, na vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe haviwezi kukimeng'enya. Protini nayo hushuka kila wiki inayopita. Ikiwa chini ya asilimia 7 hivi ya uzito wa majani yaliyokaushwa, vijidudu vyenyewe hukosa chakula, kazi ya kusaga hupungua, na chakula cha jana hukaa tumboni kikimzuia ng'ombe kula cha leo. Ana njaa, na tumbo limejaa.

Basi nikarukia upande wa pili. Nikaanza kukata kila baada ya wiki nne, majani laini, yanameremeta. Hori lilikuwa linarambwa, maziwa yakapanda, nikajisifu. Furaha haikudumu. Kufikia mkato wa tatu machipukizi yalitoka membamba kama mabua ya mpunga, na magugu yakapata nafasi katikati ya mashina. Kila ukikata, mmea huanza upya kwa akiba iliyo kwenye mizizi na visiki. Mimi nilikuwa naidai kabla haijarudishwa. Isitoshe, majani machanga mno ni maji. Nilianika kilo moja mpaka ikakauka kabisa, ikabaki kama gramu 150. Ng'ombe alikuwa anakunywa malisho.

Sasa nimeligawa shamba vipande vinane, nakata kimoja kila wiki, kwa hiyo kipande hupumzika wiki nane hivi. Lakini kalenda siiamini sana, kwa sababu wiki nane za mvua si wiki nane za kiangazi. Naangalia kimo: yakifika kama mita moja, kati ya kiuno na kifua changu, panga linaingia. Kabla ya hapo nalivunja shina moja karibu na chini. Likikatika kwa urahisi na kutoa maji, niko sawa. Likipinda na kuacha nyuzi zinazoning'inia, nimechelewa. Naacha kisiki cha upana wa kiganja, kisha samadi inafuata hapo hapo, maana majani yanayobebwa kila wiki hubeba na rutuba.

Ukipima uzito mtupu wa kila mkato, majani yangu ya zamani yanashinda haya, tena kwa mbali. Sijali. Kinachonisumbua ni msimu wa mvua, yanapokua kuliko tunavyoweza kula, na kipande cha saba au cha nane hunipita. Hicho nakikata hivyo hivyo ili kichipue upya. Ncha zenye majani nawapa wanaokamuliwa, mashina nayakatakata madogo kwa asiyekamuliwa, na magumu kabisa natandaza chini ya migomba. Mke wangu bado hupita kukagua hori jioni. Juzi aliokota vijiti vitatu, akaniwekea juu ya meza bila kusema neno.