Miti Isiyozaa Kitu

Nilipoambiwa kuna kazi kwenye shamba la miti ya Krismasi, nilichofikiria ni ule mkrismasi wetu wa maua mekundu, unaowaka Desemba nzima kando ya barabara za Morogoro. Nikashangaa unastahimilije baridi ya huku Marekani. Kumbe wenyewe wanamaanisha Fraser fir, mti wa kijani kibichi wenye majani mafupi kama sindano, ambao asili yake ni vilele vya milima hii hii ya kusini ya Appalachia.

Huu ni msimu wangu wa nne hapa kaunti ya Ashe, North Carolina. Mama yupo kwetu Mufindi, Tanzania, kunakolimwa chai, na katika simu yake ya kwanza aliniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo miti inazaa nini?"

Haizai kitu, mama. Tena ikithubutu kuzaa, tunaivunja.

Sitanii. Mwezi wa tano na wa sita tunapita mti kwa mti tukinyofoa koni changa, yale magamba yanayobeba mbegu za mti, kwa mikono. Koni za Fraser husimama wima juu ya matawi karibu na kilele, zinakula nguvu ya mti, na zikikomaa hupukutika zikabaki njiti tupu. Nani anunue mti wenye njiti kichwani? Jioni vidole vimegandamana kwa utomvu. Sabuni haioni ndani. Mafuta ya kupikia ndiyo yanautoa.

Kupanda ni Machi na Aprili. Mche unakuja shambani ukiwa umeshakaa kitaluni miaka kama mitano. Nafasi ni futi tano kwa tano, kwa hiyo ekari moja inameza miche zaidi ya 1,700, na mgongo wako unaihesabu yote. Bondeni maji yanakotuama hatupandi tena: ugonjwa wa kuoza mizizi ukishaingia kwenye udongo, hauna tiba.

Lakini kazi yenyewe hasa ni kupogoa, kuanzia Julai. Watu wanadhani mti unaota wenyewe ukiwa na umbo la pia iliyogeuzwa. Thubutu! Unafunga kinga mguuni, unashika kisu kirefu chembamba kama panga lililokonda, unauzunguka mti ukishusha kisu kutoka juu kwenda chini, mkono umelegea. Kilele unakiacha kama futi moja, na vikiwa viwili kimoja kinaondoka. Machipukizi uliyokata yanafanya tawi lijazie mwaka unaofuata.

Mimi nimekulia kwenye chai, nikajiona fundi. Chai unaisawazisha kama meza, basi. Siku ya kwanza nilifyeka mti mmoja hadi ukabaki na bega moja. Nyapara wetu, mzee kutoka Mexico kama wenzangu wengi waliokuja kwa viza ya msimu, aliutazama, akanitazama, akaufunga utepe ili nikipita kila siku niuone. Kiingereza chetu sote ni cha kuokoteza, ila hapo nilimwelewa vizuri sana.

Kuvuna ni Novemba: msumeno wa mnyororo, mashine ya kufunga nyavu, malori usiku na mchana. Mti wa futi saba uliolowa mvua, muulize bega langu. Desemba ikifika sisi tumeshachoka. Wanaobaki ni familia zinazokuja kujichagulia na kukata wenyewe.

Hadi hapo mti umekaa shambani miaka saba hadi kumi. Ile niliyopanda mwaka wangu wa kwanza haijanifika kifuani.

Juzi nilimtumia mama picha ya mstari niliopogoa mwenyewe, nikingoja sifa. Alikaa kimya, nadhani alikuwa anaikuza. Kisha akasema, "Huo wa tatu kushoto umeuonea upande mmoja."

Nikarudi shambani kuutazama. Kweli kabisa.