Jinsi nilivyozuia lebo za hemoglobini zisimalize kumbukumbu ya kompyuta

Ninafundisha biokemia hapa Lubumbashi, na wanafunzi wangu huwa na hamu kubwa tunapofika kwenye ugonjwa wa selimundu, maana karibu kila mmoja ana ndugu au jirani mwenye SS, yaani aliyerithi jeni ya ugonjwa huo kwa wazazi wote wawili. Huwaonyesha muundo wenye nambari 2HBS kutoka Protein Data Bank, hazina ya mtandaoni ya miundo ya protini, ambao una molekuli mbili za hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na ndani yake mtu huona waziwazi jinsi valini ya nafasi ya 6 katika mnyororo wa beta, asidi amino inayoleta selimundu, inavyojichomeka kwenye kishimo cha molekuli jirani, penye asidi amino nyingine mbili, fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Pasipo lebo, yaani majina ya asidi amino yaliyoandikwa juu ya picha, macho mageni hayaoni hapo ila utepe wa rangi uliojikunja.

Nilitaka lebo zikue pamoja na molekuli, na programu ninayotumia inaruhusu herufi zipimwe kwa angstromu, kipimo cha urefu wa atomi na molekuli, badala ya pikseli za skrini. Kwa mbali zilipendeza sana. Lakini nilipoisogelea ile valini, hadi neno moja likajaza nusu ya skrini, picha iliganda, feni ikaanza kuvuma, na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 ikaacha kuitika.

Kitu cha kwanza nilichopima ni wingi wa lebo. Asidi amino zote 1148 zilikuwa na lebo. Nikazifuta, nikabakiza chache za kishimo kile, na bado kumbukumbu ilipanda vilevile kila nilipokuza. Kumbe kinachokula kumbukumbu ni ukubwa wa herufi, kwa sababu kila herufi huchorwa kama picha ya pikseli na kuwekwa akiba. Herufi ya pikseli 20 kwa 20, kila pikseli ikichukua baiti 4, hula baiti 1600 tu; ikifika pikseli 2000 kwa 2000 hula megabaiti 16, yaani mara 10,000 zaidi. Na kila hatua ya kukuza huzaa ukubwa mpya wenye picha zake, huku zile za awali zikiendelea kukaa akibani.

Basi nilirudisha kipimo kwenye pikseli, nikachagua 18, na nikaweka lebo kwenye kaboni alfa (atomi ya kati ya kila asidi amino) za asidi amino ninazozitaja darasani tu. Tangu hapo ninakuza nipendavyo na kumbukumbu haipandi.

Picha za kuchapa nazitengeneza kwa njia nyingine: napanga kwanza mwonekano, natoa picha isiyo na maandishi, halafu naandika lebo katika Inkscape, programu ya kuchora, ambako herufi huhifadhiwa kama mistari na mikunjo, hivyo kuikuza hakuiongezei uzito. Ni kazi ya mkono inayochosha, kwani ukiigeuza molekuli hata kidogo, lebo zote hupaswa kupangwa upya. Kwa hiyo simalizi kuchagua upande wa kuitazama mpaka nihakikishe kwamba valini, fenilalanini na lusini zote tatu zinaonekana bila kufunikana.