Lulu mdomoni mwa Caroline

Kila nikiitazama ile picha ya mwaka 1958 ya Jacques Lowe, mpiga picha wa familia ya John F. Kennedy aliyekuja kuwa rais wa Marekani, pale Hyannis Port, Massachusetts, macho huenda kwanza kwenye mdomo wa mtoto. Caroline, binti wa Kennedy, hajatimiza mwaka, na ameshautia mdomoni mkufu wa lulu wa mama yake. Mama hamnyang'anyi. Angemnyang'anya, kilio kingeanza, na picha ingeishia hapo.

Negativu za Lowe za familia hiyo, yaani filamu asili zinazochapiwa picha, zaidi ya 40,000, ziliwekwa kwenye chumba cha hazina cha benki katika World Trade Center, New York. Ziliteketea Septemba 11, 2001, miezi michache tu baada ya Lowe mwenyewe kufariki. Bado inaniuma.

Kilichookoa kazi ile ni karatasi za kontakti zilizohifadhiwa kwingine. Karatasi hizo hutengenezwa kwa kulaza vipande vya mkanda wa negativu juu ya karatasi ya picha, kuvikandamiza kwa kioo, kisha kuwasha taa sekunde chache. Mkanda wa milimita 35 hutoa picha za ukubwa uleule wa filamu, milimita 24 kwa 36, ndogo kama stempu. Mhariri huzikagua kwa lenzi na kuizungushia aliyoipenda kwa kalamu ya nta. Kazi ya kuzifufua ni ngumu: nta imepita juu ya nyuso, na kwa kuwa karatasi nzima ilipewa mwanga mmoja, picha ya barazani hutoka imepauka huku ya sebuleni ikizama gizani. Zilizofufuliwa zilionyeshwa Washington mwaka 2013, kwenye Newseum, jumba la makumbusho ya habari.

Mwenye karatasi kama hizo za wazazi wake azipitishe kwenye skana kwa nukta 2,400 kwa inchi. Kila picha itapata upana wa pikseli 3,400 hivi, ingawa chembe za karatasi zitaonekana. Kwa nukta 600 utaambulia pikseli 850, zinazotosha chapa ya sentimita 7 tu. Zima kabisa kifuta-vumbi cha programu: kikiona nukta ya mwanga ndani ya mboni ya mtoto huidhania ni kivumbi, kikaifuta, na jicho likafa. Mng'ao wa lulu nao huondoka vivyo hivyo. Vumbi la kweli litoe kwa brashi laini kabla ya kuskani, lililobaki ulifute moja moja kwa mkono. Hifadhi faili kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, na nakala ya pili ikae kwenye jengo lingine.